Hii hamsini ni ya kulegea au ya kubana?

Miaka mingi iliyopita, katika karakana moja ya mjini Unguja, mzee mkerezaji aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Shafti ya pampu ya maji, ule mhimili wake unaozunguka, ilikuwa imekatika. Aliyetuuzia pampu yuko mbali, ng'ambo, na baada ya barua pepe nyingi za kubembelezana akatutumia faili lenye umbo zima la shafti. Nikalifungua kwenye kompyuta, nikafurahi. Unaligeuza huku na huku, unalisogeza karibu, unalipima kwa kubofya tu. Nikawa namsomea mzee vipimo kimoja kimoja, naye anaviandika kwa chaki kwenye kipande cha bati. Tulipofika pahala inapokaa beringi, ile pete inayoishikilia shafti ikizunguka, akasita.

"Mwanangu, hamsini nimeisikia. Lakini hii hamsini ni ya kulegea au ya kubana?"

Nikarudi kwenye kompyuta. Faili lilisema milimita 50. Nikabofya tena, likasema 50.000. Zilikuwa zimeongezeka sifuri, habari haikuongezeka.

Asiyefanya kazi ya chuma anaweza kudhani hamsini ni hamsini. Siyo. Beringi yenye tundu la milimita 50 ikikaa kwenye shafti ya pampu, mara nyingi shafti hiyo hukerezwa izidi hamsini kwa mikroni 2 hadi 18, ili pete ya ndani ya beringi ibane na izunguke pamoja na shafti. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa hiyo tunazungumzia robo ya unywele. Kwa upande wa pili, michoro mingi huwa na sharti la jumla lililoandikwa pembeni kwa herufi ndogo: kipimo chochote kisichopewa masharti yake kifuate kiwango cha ISO 2768, daraja la kati. Kwa kipimo cha milimita 50 daraja hilo linaruhusu kuzidi au kupungua milimita 0.3, yaani mikroni 300 juu na mikroni 300 chini. Fundi akikereza 49.8 hajavunja sharti lolote. Na beringi itacheza kwenye shafti hiyo kama pete kwenye kidole kilichokonda.

Baada ya wiki moja ukaja mchoro wa karatasi, umepigwa picha. Ulikuwa wa toleo la zamani, na urefu wa bega moja la shafti haukulingana na ule wa kwenye faili. Tukawa na mtoto mmoja mwenye vyeti viwili vya kuzaliwa. Tukabahatisha. Beringi iliingia kwa kusukumwa na mkono, na wiki mbili hazikutimia pete yake ikawa inateleza juu ya shafti, inaila kama tupa. Mtaa mzima ukarudi kubeba ndoo. Aliyelaumiwa ni mzee yule, kwamba kakereza vibaya. Mimi nilikuwepo, nilijua kosa si lake, na sikusema kwa sauti iliyostahili. Hiyo ni sababu moja ya kuandika makala haya.

Ninalotaka kulitetea ni hili. Taarifa za namna kitu kinavyotengenezwa zikae ndani ya modeli ileile ya kompyuta inayobeba umbo lake, zikiwa zimeshikamanishwa na uso unaohusika, na sisi huku visiwani tuzidai kwa maandishi kila tunaponunua mashine. Linasikika kama jambo la viwanda vya ndege. Kwetu lina uzito zaidi, kwa sababu sisi ni wanunuzi, na mnunuzi wa kisiwani akinyimwa taarifa hukaa na chuma kibovu mpaka meli ije.

Kwanza tuelewane taarifa hizo ni zipi. Umbo ni sehemu moja tu. Kuna kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kuzidi au kupungua, ambacho wahandisi hukiita toleransi. Kuna aina ya chuma au plastiki, na kama kimepitishwa motoni kikawa kigumu. Kuna ulaini wa uso, kwa sababu pahala pa kukaa sili, ile pete ya kuzuia uvujaji, hapawezi kuwa na mikwaruzo sawa na pahala pa kushikia bolti. Kuna rangi ya kuzuia kutu, kuna nguvu ya kukazia nati, na kuna uso upi uwe msingi ambao nyuso nyengine zote hupimwa kutokea hapo. Hili la mwisho wengi hulisahau, na ndilo huleta ugomvi mkubwa kati ya anayetengeneza na anayekagua: kila mmoja amepima sawasawa, lakini wameanzia pande mbili tofauti.

Zamani yote haya yaliishi kwenye karatasi. Gaspard Monge, Mfaransa wa karne ya 18, alipounda elimu ya kuonesha umbo lenye pande tatu juu ya karatasi bapa, jeshi la nchi yake liliifanya siri kwa miaka kadhaa, kwa namna lilivyoona faida yake. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza huko Uingereza mfumo mmoja wa meno ya skrubu, ili nati ya karakana moja iingie kwenye bolti ya karakana nyengine. Karne iliyofuata Stanley Parker, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha topido huko Scotland, aliona kuwa vipande vizuri kabisa vinatupwa kwa kuwa michoro ilieleza vibaya mahali tundu linaporuhusiwa kukaa. Fikra yake ilichangia lugha ya alama za toleransi ambayo leo mhandisi wa Japani na wa Brazili wanaisoma sawa.

Ikaja kompyuta, na hapo likatokea jambo la ajabu. Umbo likahamia kwenye kompyuta, taarifa zikabaki kwenye karatasi. Boeing 777, iliyoruka mara ya kwanza Juni 1994, inatajwa kama ndege kubwa ya kwanza ya abiria kusanifiwa yote kwenye kompyuta. Lakini kwa miaka mingi viwandani, hata palipokuwa na modeli nzuri ya pande tatu, mtu alikaa chini akatoa kutokana nayo mchoro bapa, akaupamba kwa alama za toleransi, na mchoro ule ndio ukawa na nguvu ya mkataba. Modeli ikibadilishwa, mchoro unasubiri. Mchoro ukirekebishwa kwa kalamu karakanani, modeli haina habari. Hiyo ndiyo njia iliyotuletea shafti yenye vyeti viwili.

Viwango vya kuziba ufa huo vipo, wala si vipya. Jumuiya ya wahandisi mitambo wa Marekani, ASME, ilitoa kiwango cha Y14.41 mwaka 2003, kinachoeleza namna ya kuweka vipimo na toleransi juu ya modeli yenyewe. Shirika la viwango la kimataifa likafuata kwa ISO 16792 mwaka 2006. Mwaka 2014 ikatoka AP242, sehemu ya kiwango cha STEP ambacho kazi yake ilianza 1984, na hiyo ndiyo inayowezesha modeli na taarifa zake kutoka programu moja kwenda nyengine bila ya kulazimika kununua programu ya muuzaji.

Hapa naomba msomaji avumilie kidogo, maana ndipo watu wengi, wakiwemo wahandisi, wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna njia mbili za kutia maandishi ndani ya modeli. Ya kwanza ni kuyatia kama picha. Unaona pembeni ya shafti pameelea alama na namba, zimeunganishwa kwa mshale, na jicho linaridhika. Lakini kwa kompyuta ile ni mistari tu, haijui kuwa inasema hamsini. Njia ya pili ni kuyatia kama taarifa: uso huu, wenye utambulisho huu, ni wa mviringo wenye kipenyo cha 50, unaruhusiwa kuzidi mikroni 18 na usipungue mikroni 2 za ziada, na unapimwa kutokea msingi ule. Tofauti yake ni kama namba ya simu iliyopigwa picha na namba iliyohifadhiwa kwenye simu. Zote mbili utazisoma. Lakini ni ile ya pili tu utakayoigusa ikapiga.

Faida inaonekana hatua zinazofuata. Mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta inaweza kupangiwa kazi yake ikijua wapi ipite polepole na wapi iende mbio. Mashine ya ukaguzi, ile yenye kidole kinachogusa chuma pointi kwa pointi, inaweza kupangiwa pointi za kugusa bila ya mtu kukaa kuandika upya namba mia mbili kutoka kwenye karatasi. Kila pahala ambapo mtu ananakili namba kwa mkono, namba moja itageuka. Mimi nimewahi kuandika 18 pakawa 13, na nilikuwa mzima wa afya, mchana, kwenye meza yenye mwanga.

Wakubwa nao huanguka. Mwaka 2006 Airbus ilijikuta na nyaya za A380 ambazo hazifiki pahala zinapotakiwa kufika. Ndege ile ina kilomita zipatazo 530 za nyaya. Wasanifu wa Ujerumani walitumia toleo moja la programu ya usanifu na wenzao wa Ufaransa toleo jengine, na taarifa za namna nyaya zinavyopinda hazikuvuka salama kati ya matoleo hayo mawili. Ndege ya kwanza ikakabidhiwa kwa mteja Oktoba 2007, baada ya ucheleweshaji mkubwa na hasara kubwa mno. Kilichowaangusha hakikuwa ujinga wa mafundi. Umbo lilisafiri, taarifa zake zikabaki nyuma.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu fikra yenyewe si ngeni kwetu. Wakataji wa mikoko wa mwambao huu walikuwa na majina ya miti kwa unene wake, kutoka mwembamba hadi mnene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ukiagiza korija tatu za boriti huendi na rula kupima mti mmoja mmoja. Jina limebeba kipimo, na pia limebeba kiasi cha kuzidi na kupungua, kwa kuwa hakuna boriti mbili zilizolingana na hakuna mjenzi aliyetaka zilingane. Ikivuka mpaka wa juu inaitwa nguzo, ikishuka chini inaitwa mazio, na bei inabadilika. Hiyo ni toleransi iliyotiwa ndani ya kitu chenyewe, haihitaji karatasi ya pili. Vyumba vya nyumba za Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Mwashi hakuhitaji kuambiwa. Siku hizi mikoko inahitaji kulindwa na ni haki ilindwe, ninachokisifu hapa ni maarifa.

Tazama pia mafundi wa majahazi wa Nungwi. Chombo kizima kinainuka ufukweni, mkuku, mataruma (mbavu zake), mbao, kalafati, na hakuna mchoro. Wageni hustaajabu kuwa fundi anajenga kwa jicho. Mimi naona jibu lake ni jepesi: taarifa hazipotei njiani kwa sababu hazisafiri. Anayesanifu na anayetia tezo ni mtu mmoja, na mwanafunzi wake yuko pembeni anashikilia ubao. Siku tulipomtenga msanifu na fundi kwa bahari nzima katikati, ndipo ikawa lazima kitu fulani kibebe yale yaliyokuwa kichwani na mkononi. Tukakabidhiwa umbo peke yake.

Na umbo peke yake kwetu sisi wa pwani ni hatari hasa, kwa sababu mengi yanayoamua uhai wa kitu baharini hayaonekani. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 na cha 316, viweke kwenye kiganja, hata fundi mzoefu hakutofautishii kwa macho. Tofauti kubwa ni molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, iliyomo ndani ya 316, nayo ndiyo inayokisaidia kustahimili chumvi isikitoboe. Bolti ya 304 ukiifunga gatini, pahala panaporushiwa maji ya bahari kutwa, itaanza kupata vitundu vidogo vidogo huku inang'aa. Modeli ya bolti zote mbili ni ileile. Kama daraja la chuma halimo ndani ya modeli, mnunuzi wa spea atanunua ya bei rahisi, na huwezi kumlaumu.

Boti za faiba nazo zimekuwa nyingi kwenye fukwe zetu, wavuvi na wakulima wa mwani wanazitumia. Umbo la nje halikwambii zimelazwa tabaka ngapi za nyuzi pale chini ya mkuku, kwa mwelekeo gani, wala kama resini yake ni poliesta au epoksi. Boti ikigonga mwamba ikapasuka, anayeiziba anaziba kwa kukisia. Ataweka tabaka mbili palipokuwa na tano, atapaka rangi, itapendeza, itarudi baharini na watu ndani.

Au chukua mitambo ya kukamua mafuta ya karafuu. Pemba tuna kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, pale Wawi, na kazi yake inajulikana: mvuke hupitishwa kwenye makonyo, ukitoka unatoka na mafuta, unapoozwa, mafuta yanatengwa na maji. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, na yujenoli haipatani na kila kitu. Inayeyusha baadhi ya plastiki na kuvimbisha aina nyingi za mpira. Kwa hiyo katika mtambo wowote wa aina hiyo, ile sili nyeusi ya mviringo inayofanana na sili nyengine yoyote ya dukani, swali la kwanza si kipenyo chake. Swali ni mpira gani. Nimewahi kuona mahala pengine sili iliyochaguliwa kwa kipenyo tu: iliingia vizuri, na ilipotolewa ilikuwa imevimba kama mkate uliotiwa chai.

Ndiyo maana nasema suala hili ni la mkataba kabla ya kuwa la kompyuta. Tunanunua pampu za maji, majenereta, injini za boti, mashine za kukausha na kusaga mwani, vifaa vya hospitali. Zabuni zetu hutaka nguvu ya injini, dhamana, mafunzo ya siku tano na kitabu cha maelekezo. Kitabu kinakuja, kina picha nzuri za mtu aliyevaa helmeti. Hakina cha kumwezesha fundi wa Chake Chake kutengeneza bushi moja, kile kibomba kifupi ambamo shafti huzunguka. Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tunanunua mali, daftari tunaliacha kwa muuzaji.

Sharti ninalolipendekeza ni fupi. Kwa kila sehemu inayolika, yaani shafti, bushi, impela (panga la kusukumia maji), sili, gia ndogo na vifuniko, muuzaji akabidhi modeli ya STEP AP242 yenye toleransi, daraja la malighafi na ulaini wa uso, zikiwa zimetiwa kama taarifa zinazosomeka na mashine, si kama picha. Modeli iwe na namba ya toleo na tarehe. Iandikwe kuwa modeli na karatasi zikitofautiana, modeli ndiyo hakimu. Na malipo ya mwisho yasitoke kabla faili halijafunguliwa na mtu wetu kwenye programu isiyokuwa ya muuzaji. Hili la kufungua na kuhakiki si la gharama. Taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, inatoa bure programu ya kuchunguza mafaili ya STEP, inayoonesha kama toleransi zilizomo ni taarifa za kweli au ni mistari iliyochorwa.

Wauzaji watakataa, na nimeshawasikia wakikataa. Watasema ni siri ya kampuni. Nakubali kuwa kampuni ina haki ya kulinda ubunifu wake, na simwambii mtu atupe siri ya injini. Lakini bushi si siri. Mwenye maikromita na subira atapata vipimo vya bushi kwa nusu saa, asichoweza kukipata ni nia ya msanifu: alitaka ilegee au ibane. Bushi iliyokwisha kulika haikwambii ilivyokuwa mpya. Muuzaji asiyetaka kusema hata hilo anakusudia uendelee kumpigia simu, na mnunuzi mwenye akili anaihesabu gharama hiyo kwenye bei tangu siku ya kufungua zabuni.

Wengine, hasa wenzangu wa ofisini, husema mafundi wetu hawana kompyuta, karakana zina mafuta na vumbi, karatasi itabaki. Ibaki. Sina ugomvi na karatasi. Toa nakala kutoka kwenye modeli, ibandike ukutani, ikichafuka toa nyengine. Ugomvi wangu ni karatasi kuwa na maisha yake peke yake, ikizeeka upande mmoja huku modeli ikikua upande mwengine. Na hili la mafundi hawana vifaa limeshapitwa. Kijana anayechomelea mageti njiani ana simu inayoweza kugeuza modeli ya shafti bila ya kukwama. Kilichokosekana ni cha kufungua.

Lipo pingamizi moja ambalo sitalipita haraka, kwa sababu ni la kweli. Taarifa ikishaingia ndani ya modeli hupata heshima kubwa kuliko inavyostahili. Vijana ninaowasimamia mazoezi ya kazi huja wakijua kuchora umbo kuliko nilivyojua mimi kwa umri wao. Ukiwaambia watie toleransi, wanabandika sehemu moja ya mia ya milimita kila pahala, mpaka kwenye kona ya kifuniko ambacho hakigusani na kitu. Wanaona usahihi ni adabu. Kumbe kila toleransi finyu ni pesa: saa zaidi kwenye mashine, vipande zaidi vinavyotupwa, mkaguzi anayekataa kitu kizima. Na kwa mti ni upuuzi kabisa. Fundi wa jahazi anayechagua tawi lililojipinda lenyewe ili liwe taruma anafuata mwendo wa nyuzi za mti, na mti unavimba kwa maji na kusinyaa kwa jua. Ukimletea mikroni umemtukana.

Kwa hiyo somo la kwanza halipaswi kuwa kitufe cha kubonyeza. Mimi huwauliza vijana maswali matatu juu ya kila uso wa modeli kabla hawajaandika namba: uso huu unagusana na nini, ukiwa mkubwa kidogo kitatokea nini, na ukiwa mdogo kidogo kitatokea nini. Wakishindwa kujibu nawatoa ofisini nawapeleka karakanani wakaulize. Mara nyingi wanarudi na jibu ambalo mimi sikulijua. Huko skuli za ufundi toleransi ikifundishwa kama sura ya mwisho ya somo la uchoraji, mwezi wa mwisho, watu wamechoka, ndipo tunapopata wasanifu wa maumbo matupu. Ifundishwe siku ileile mtoto anapochora tundu lake la kwanza.

Na taarifa hizi tunazozitaka kwa wageni, nyingi tayari tunazo wenyewe, zimo kwa wazee. Miaka ya karibuni mimi na wenzangu wawili tumekuwa tukichukua pampu kuukuu, tunazifungua, tunapima, tunajenga modeli zake na kuzitia masharti ya kutengenezea. Ni kazi ya jioni, hatulipwi. Kila tukikwama kwenye lile swali la kulegea na kubana, tunamwendea mzee yuleyule. Macho yake hayamruhusu tena kusimama mbele ya mashine, mjukuu wake ndiye anayekereza. Lakini ukimwekea beringi mkononi anakwambia ilikaa vipi kwa kuangalia alama iliyoachwa ndani ya pete. Nilipomweleza kuwa modeli ina nafasi ya kuandika jina la aliyeamua toleransi, na kwamba nimeandika lake, alinyamaza kidogo, kisha akataka nimwoneshe limeandikwaje. Nadhani tunafanya makosa makubwa tunapochota maarifa ya watu kama hawa na kuyaingiza kwenye faili bila ya majina yao, na programu zenyewe zimetuwekea nafasi.

Mara ya mwisho nilikwenda na modeli ya shafti ileile iliyotuaibisha, sasa imekamilika. Mjukuu aligusa uso wa pahala pa beringi kwenye simu, yakatokea maandishi: 50, izidi kwa mikroni 2 hadi 18. Akamsomea babu yake.

"Ya kubana," mzee akasema. "Vyema. Na ya kuipandisha beringi mumeandika?"

Hatukuwa tumeandika.

"Andikeni ichemshwe kwenye oili kwanza, isipigwe nyundo. Mtu akiipiga nyundo, hizo mikroni zenu zote bure."

Nikakaa kwenye benchi, nikafungua kompyuta, nikauchagua uso ule na kuanza kuandika, naye kasimama nyuma yangu anasubiri nimsomee.